Hivi macho yanaelewa chochote au yanaleta mwanga tu? Wajuzi njooni

Msaka Jibu #1
Habari wakuu. Kuna jambo linanisumbua na sina wa kubishana naye, humu ndani kila mtu kalala. Nikisema nimeona mti, kilichoingia jichoni ni mwanga tu, rangi rangi na vivuli, hakuna mti wowote uliopita kwenye mboni. Sasa mti unatokea wapi? Msimamo wangu ni kwamba macho hayaelewi chochote, yanaleta malighafi, anayeelewa ni mwingine na huyo mwingine lazima afundishwe. Asiyefundishwa anaweza kutazama kitu saa nzima na asikione. Mnaopinga leteni hoja, sio matusi.

Njiwa Pori #2
Nimeweka kambi. Nasubiri madini.

Kichwa Ngumu #3
Mkuu mbona unatafuta ugumu kwenye jambo jepesi. Mimi naona mti, mbwa wangu naye anauona na akikimbia anaukwepa. Mbwa kafundishwa na nani?

Mwanafalsafa Uchwara #4
Swali lako lina zaidi ya miaka 300 mleta mada. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, aliuliza hivi, chukua mtu aliyezaliwa kipofu amekuwa mtu mzima, kwa kupapasa anajua vizuri mchemraba na tufe. Siku moja apate kuona, umuwekee vyote viwili mezani ila asiguse. Atajua kipi ni kipi kwa kutazama tu? Locke alisema hatajua. Akijua maana yake macho na mikono vimeunganishwa tangu kuzaliwa na wewe #1 hoja yako imekufa.

Fundi Spana #5
Atajua bana. Kona ni kona. Ukiipapasa ina ncha ukiitazama ina ncha, unataka nini tena.

Bint Hekima #6
#4 swali sio la Locke. Ni la William Molyneux wa Dublin, alimwandikia Locke barua mwaka 1688 na Locke akaja kuliweka kwenye toleo la pili la kitabu chake 1694. Na kwa Molyneux halikuwa fumbo la kupitisha muda, mke wake mwenyewe alikuwa amepofuka.

Fundi, jibu lilishajaribiwa kwa watu halisi. 1728 daktari wa upasuaji wa London, William Cheselden, aliripoti kijana wa miaka kama 13 aliyemtoa mtoto wa jicho. Yule kijana baada ya kuanza kuona alidhani kila kitu kimegusa macho yake. Alikuwa anachanganya paka na mbwa, akaona aibu kuuliza kila mara, basi akamkamata paka ambaye kwa mikono alimjua fika, akamkazia macho weee, kisha akamweka chini akamwambia safari nyingine nitakujua. Kwenye picha za kuchora ndio balaa, ilipita kama miezi miwili ndio akagundua zinaonyesha vitu vyenye umbo, akazigusa akitegemea zimevimba akakuta bapa, akauliza kati ya kugusa na kuona ni kipi kinachosema uongo.

Njiwa Pori #7
Huyo dogo kauliza swali zito kuliko wengi waliosoma falsafa 😂

Kichwa Ngumu #8
Chai hiyo. Mgonjwa mmoja, mwaka 1728, msimulizi ni daktari mwenyewe anayejinadi. Alafu macho yametoka kupasuliwa, yanauma, yanatiririka machozi, hata wewe usingemjua paka. Huo ni ushahidi wa macho mabovu, sio wa ubongo usiofundishwa.

Bint Hekima #9
Pingamizi la maana hilo na ndio lililofanya watu warudie kwa utaratibu. India kuna mradi unaitwa Prakash, wa Pawan Sinha wa chuo cha MIT Marekani, unawatibu watoto waliozaliwa na upofu unaotibika. Matokeo yalitoka 2011, watoto watano wa miaka 8 hadi 17. Wakipewa kitu watazame kisha wakitafute kwa kutazama, wanafaulu, kwa hiyo macho yanafanya kazi Kichwa Ngumu. Wakigusa kisha wakatafuta kwa kugusa, wanafaulu. Wakigusa kisha wakatakiwa kukitambua kwa macho, wanabahatisha tu. Locke na Molyneux walikuwa sahihi.

Ila subirini. Waliopimwa tena baada ya siku chache walikuwa wamepanda sana na hakuna mtu aliyewafundisha zoezi hilo. Kwa hiyo na #1 naye asishangilie.

Msaka Jibu #10
Mwalimu hakuwepo ila maisha yaliwafundisha. Yale yale.

Kichwa Ngumu #11
Umeanza kupindisha. Juu ulisema lazima afundishwe, sasa hivi hata kukaa macho wazi siku nne umekuita mafunzo. Kwa mtindo huo huwezi kushindwa hoja milele.

Nesi wa Zamu #12
Niseme langu maana kila siku nalala nalo. Nafanya kazi chumba cha picha za eksirei. Nilipoanza, kifua cha mgonjwa kwangu kilikuwa ukungu mweupe na mweusi. Mwalimu anaweka kidole anasema hapa pana kivuli, nakitazama kile kidole kinapoishia, sioni kitu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa anaweka picha ya mgonjwa na ya mzima pembeni pembeni, nyingine na nyingine, basi, kazi yako kutazama. Hakuna siku niliyoamka nikasema leo nimeelewa, ilijipenyeza tu, ila sasa hivi siwezi kurudi kuona ukungu hata nikitaka, nikiwekewa picha kile kivuli kinanirukia chenyewe kabla sijafikiri. Jicho lile lile.

Ninachotaka kumwambia mleta mada ni kwamba majina ya magonjwa yote nilikuwa nayo kichwani na maelezo nimeyakariri, mtihani nimefaulu, na bado nilikuwa sioni. Kwa hiyo huyo "mwingine" wako anayefundishwa, sio yule anayekaa darasani.

Mwanafalsafa Uchwara #13
#12 umetisha. Ila hapo umemgusa yule mwanafalsafa wa Ujerumani, Kant, bila kujua, alisema 1781 kwamba dhana bila kitu cha kuhisi ni tupu na kuhisi bila dhana ni upofu. Wewe ulikuwa na dhana tupu.

Nesi wa Zamu #14
Sawa, ila huyo Kant hajaniambia nilivuka vuka vipi.

Jicho la Tatu #15
Wataalamu wa picha msijisifu sana. 2013 watafiti Marekani walichomeka picha ya sokwe kwenye skani za mapafu, ukubwa wake karibu mara 48 ya kinundu (kijivimbe cha kwenye pafu) wanachokitafuta. Wakawapa madaktari bingwa 24 wa kusoma skani, 20 hawakumwona. Na kile kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha wengi wao walipitisha jicho pale pale aliposimama. Jicho limemgusa, mtu hana habari. Kwa hiyo kuzoea kitu kunakufanya upofuke kwa kingine.

Nesi wa Zamu #16
Umeikata katikati hiyo habari mkuu. Watu wa kawaida wasio madaktari nao walipewa kazi hiyo hiyo, hakuna hata mmoja aliyemwona. Angalau wanne wa kwetu walimwona. Alafu tulikuwa tunatafuta vinundu, sokwe hayumo kwenye magonjwa ya mapafu 😂

Kichwa Ngumu #17
Ile ya zamani ya watu wanapasiana mpira na mtu kavaa kama sokwe anapita katikati anajipiga kifua naijua, hakuna binadamu aliyewahi kumwona mara ya kwanza.

Jicho la Tatu #18
Acha kuongeza chumvi. Ile ni ya Simons na Chabris, 1999, karibu nusu ndio hawakumwona. Nusu nyingine walimwona wakashangaa wenzao.

Mtu wa Vitabu #19
Naona mnataja Wazungu wa juzi juzi. Haya mambo ya kwamba kuona kuna hukumu ndani yake yako kwa Ibn al-Haytham, kwenye kitabu chake cha Manazir, karne ya 11. Alikataa ile habari ya jicho kutoa miale yake, akasema mwanga unatoka kwenye vitu unaingia jichoni, alafu hakuishia hapo kama wengi wanavyomsimulia. Akasema mwanga na rangi peke yake havikupi kitu, ukubwa, umbali, kufanana kwa sura, hivyo vyote nafsi inavipata kwa kulinganisha na kukumbuka, na inafanya haraka mno mpaka mwenyewe hujui kama umefanya. Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alikuja na hoja inayofanana na hiyo miaka ya 1860, akaiita hitimisho lisilo na fahamu, dunia ikampigia makofi. Ibn al-Haytham ndio huyo wa Andalusia ambaye

Bint Hekima #20
Sio Andalusia. Kazaliwa Basra, kafanya kazi Cairo.

Mtu wa Vitabu #21
Basra sawa, nilikatwa na mtandao hata sentensi sijamaliza na wewe ushafika na rula.

Fundi Spana #22
Nyinyi wote mnaongelea vichwa na macho, mikono mmeisahau. Nina kijana wa kujifunza gereji. Injini inagonga, namwambia sikia hiyo, anasikia kelele za gari kama abiria yeyote. Namwambia tena, anatikisa kichwa kuniridhisha. Simwelezi zaidi. Nampa spana afungue mwenyewe, aione beringi ilivyolika, aishike kwa vidole, afunge mpya, awashe. Baada ya hapo gari ikiwa bado getini ananiambia boss ile inagonga. Sikio lake halikupona, mikono ndio ilimfundisha kusikia. Nesi wewe mwenzangu ungekuwa umefungua kile kifua ungeelewa siku hiyo hiyo.

Nesi wa Zamu #23
Mungu apishie mbali 😂😂

Bint Hekima #24
Fundi Spana kuna mtu wa kwako kabisa. Richard Gregory wa Uingereza na Jean Wallace waliandika 1963 kuhusu mtu wanayemwita S.B., alipofuka akiwa mtoto mchanga, akafanyiwa upasuaji wa konea (ule utando angavu wa mbele ya jicho) akiwa na miaka 52. Alikuwa na hamu na mashine maisha yake yote. Wakampeleka jumba la makumbusho ya sayansi London wakamwonyesha mashine ya kukereza iliyo ndani ya kioo, akasema haelewi anachokiona. Wakaomba kioo kifunguliwe. Akafumba macho, akaipapasa yote kwa mikono, akarudi nyuma hatua, akafumbua, akasema sasa nimeshaigusa naiona. Na herufi kubwa aliweza kuzisoma kwa macho mapema kwa sababu shule ya vipofu walimfundisha kwa kuzigusa, herufi ndogo hakufundishwa na hakuzijua.

Na mwaka huo huo 1963 Held na Hein walifanya jaribio la paka wachanga wawili wawili, mmoja anatembea, mwingine amebebwa kwenye kikapu kinachovutwa na huyo anayetembea, wote wanazungushwa sehemu moja wanaona vitu vile vile. Yule aliyebebwa akashindwa kupima umbali, unamshusha mezani hanyooshi miguu, kwenye shimo haogopi. Walipomwachia atembee mwenyewe akapata.

Fundi Spana #25
Uzi ufungwe.

Kichwa Ngumu #26
Usifungwe. Kuna watu wanazaliwa bila mikono na miguu. Wanasoma, wanatambua sura, wanajua mbali na karibu. Wao nani kawapapasia?

Fundi Spana #27
Kichwa kinageuka, mdomo unagusa, macho yenyewe yanazunguka. Mwili ni mwili.

Kichwa Ngumu #28
Nilijua tu. Mmoja kila kitu anakiita mafunzo, mwingine hata kugeuza shingo anakiita mikono.

Sikio Moja #29
Mimi nilipoteza usikivu ukubwani nikaja kupandikiziwa kile kifaa cha sikio la ndani. Kilipowashwa mara ya kwanza nililia, sio kwa furaha. Sauti ya dada yangu ilikuwa kama redio isiyoshika stesheni, maneno hayana mwanzo wala mwisho, sijui kama ni yeye au mlango. Nilichofanyiwa ni hivi, dada anasoma kwa sauti na mimi nafuata kwa kidole kwenye karatasi. Neno nikiliona linakuja, nalisikia, tena safi. Nikiinua macho kwenye karatasi, milio tu. Tukaenda hivyo hivyo mpaka karatasi ikawa haina kazi.

Sasa wajuzi niambieni, pale mwanzo nilipokuwa na karatasi nilikuwa nasikia au nakisia? Maana kwa ndani hakukuwa na hisia yoyote ya kukisia. Neno lilikuwa linasikika kabisa.

Mtu wa Vitabu #30
Hapo ndipo Helmholtz anacheka kaburini.

Jicho la Tatu #31
#29 pole na hongera. Watu wenye masikio mazima nao hufanyiwa hivyo. Kuna sauti zilitengenezwa 1981 na Remez na wenzake, wanachukua sentensi wanaondoa karibu kila kitu wanabakiza filimbi tatu zinazopanda na kushuka. Ukisikilizishwa bila kuambiwa unasema hii mashine au ndege. Ukiambiwa hii ni sentensi fulani, papo hapo unaisikia, na huwezi tena kuisikia kama filimbi tupu. Zipo mtandaoni jaribuni.

Njiwa Pori #32
Nimejaribu aisee. Nimeogopa.

Kobe Mzee #33
Nimewasoma wote tangu juu. Kila mmoja anachukulia kama jambo lililokwisha kwamba kinachoingia ni takataka na ubongo ndio unaisafisha. Nani kasema? Mwanasaikolojia wa Marekani, James Gibson, aliandika 1979 akakataa msingi wenyewe. Mwanga unaokufikia sio vumbi la rangi, umeshapangwa na vitu vyenyewe. Ardhi ina chembechembe zinazobanana kadiri inavyokwenda mbali, ukipiga hatua vya karibu vinapita kasi na vya mbali vinakwenda taratibu, kila kitu kinakwambia kiko wapi na unaweza kukifanyia nini. Huna haja ya kukisia. Mbwa wa #3 hakisii mti. Maabara wanakufunga kichwa, wanakupa picha bapa kwa kitambo kidogo, unakosea, alafu wanatangaza kwamba kuona ni kukisia.

Kichwa Ngumu #34
Hatimaye mtu mzima kaingia.

Mtu wa Vitabu #35
Kobe Mzee nakuheshimu ila ile mistari ya Müller-Lyer ya 1889, miwili sawa sawa, mmoja mishale imeangalia nje mwingine ndani, mmoja unaonekana mrefu. Huhitaji kufungwa kichwa. Chora mwenyewe, tembea chumba kizima, geuza shingo, bado. Mwanazuoni Al-Ghazali alishasema kwenye kitabu chake cha Munqidh kwamba jicho linaiona nyota ina ukubwa wa dinari na hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia.

Kobe Mzee #36
Mistari kwenye karatasi. Nionyeshe mti unaonidanganya hivyo nikiuendea.

Nesi wa Zamu #37
Mimi kilichonikaa ni kingine. Sikio Moja akijua neno, analisikia. Kwenye ile mistari unaipima kwa rula, unajua kabisa ni sawa, na bado mmoja mrefu. Mbona kujua kunasaidia huku na kule hakusaidii kitu? Mkiniambia kuona ni hukumu, hukumu gani hiyo haisikilizi ushahidi?

Msaka Jibu #38
Labda kuna ngazi. Ngazi za chini zimefungwa, hazipokei maelezo, za juu zinapokea.

Nesi wa Zamu #39
Sauti ni chini au juu? Maana sentensi ya filimbi inabadilika pale pale.

Jicho la Tatu #40
Labda sio ngazi, ni uzito wa ushahidi. Filimbi haina ushahidi mwingi kwa hiyo neno la kuambiwa linashinda, mistari iko wazi mbele yako ushahidi wa jicho ni mzito kuliko rula. Nadhani hivyo lakini.

Kobe Mzee #41
Ukubali tu kwamba "uzito" umeuleta sasa hivi ili ikae sawa.

Mpita Njia #42
Kuna kesi yangu haiingii kwenye maelezo ya yeyote humu. Mimi sitambui sura. Sio kwamba sioni, naona macho pua kovu nywele zote, nikipewa picha mbili pembeni pembeni kama za Nesi naweza kusema ni mtu mmoja au wawili nikipewa muda. Ila sura haisemi huyu nani. Mama yangu namjua kwa mwendo na kwa sauti. Mafunzo? Nimetazama sura maisha yangu yote. Mikono? Nimemkumbatia. Mwanga umepangwa vizuri Kobe Mzee, haulalamikiwi. Na kichwani mama yangu namjua sana. Vyote vipo ila haviungani. Joachim Bodamer, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyeipa jina 1947 akielezea waliojeruhiwa kichwani, mimi nimezaliwa nayo.

Njiwa Pori #43
Kwa hiyo wanaokudai huwa unawapita tu barabarani kiroho safi 😅

Mpita Njia #44
Nawapita na wasionidai pia, ndio tatizo. Wananiita mwenye dharau.

Mwanafalsafa Uchwara #45
#42 umetuharibia. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kulinganisha kwa #12.

Fundi Spana #46
Tukiwa kwenye kuona tofauti, mnakumbuka ile picha ya gauni ya 2015 mtandaoni, watu wakabishana rangi yake? Mke wangu mpaka leo anasema nyeupe na dhahabu. Ni bluu na nyeusi jamani.

Bint Hekima #47
Gauni lenyewe ni bluu na nyeusi, hilo lilithibitishwa. Ila mkeo hajakosea kuona. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba picha haisemi mwanga uliolimulika ni wa aina gani, ubongo unachagua wenyewe, anayechukulia liko kivulini anaondoa ubluu anabaki na nyeupe.

Fundi Spana #48
Sitamwonyesha hiyo komenti.

Msaka Jibu #49
Turudi kwenye mada. Kobe Mzee ulitaka kitu cha duniani sio cha karatasi. Mwezi. Ukichomoza ni mkubwa ajabu, ukipanda juu mdogo. Ukiupima kwa sarafu iliyonyooshwa mkono mzima ni ule ule. Hapo hakuna maabara.

Mtu wa Vitabu #50
Na maelezo yake yapo. Upande wa upeo kuna miti, nyumba, ardhi ndefu, akili inauhesabu uko mbali zaidi, na kitu cha mbali kikijaza jicho sawa na cha karibu basi lazima ni kikubwa. Hukumu ile ile.

Kobe Mzee #51
Umewahi kuwauliza watu? Uliza yeyote mwezi ukiwa pale chini, upo mbali au karibu. Wengi watakwambia upo karibu, umeshuka. Sasa kama akili ndani imeuhesabu uko mbali ndio maana ikaukuza, mbona mwenye akili hiyo anauona karibu?

Mtu wa Vitabu #52
Anauona mkubwa kwanza, alafu kwa kuwa ni mkubwa anadhani uko karibu. Hukumu mbili.

Nesi wa Zamu #53
Hukumu mbili zinazopingana, kwenye kichwa kimoja, kwa kitu kimoja, na mwenyewe hana habari na hata moja. Mimi naingia zamu, mtakachokubaliana nitakikuta.

Kichwa Ngumu #54
Hutakikuta.